Ukaguzi wa ufanisi: Swali likikosewa, ripoti haimfai mlipa kodi

KILA mwaka ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye wengi humwita CAG, zinapowekwa mezani bungeni Dodoma, mazungumzo ya sokoni huwa ni yale yale. Watu husoma vichwa vya habari kuhusu fedha zilizolipwa bila hati, hutikisa vichwa, kisha hurudi kwenye mizani na madaftari yao. Mwenye duka la jumla, mwenye lori moja na mwekezaji mdogo aliyenunua hati fungani huona kuwa hayo ni mambo ya Serikali na Bunge.

Hapo pana kosa la hesabu. Mfanyabiashara huilipa Serikali mara nyingi kuliko anavyokumbuka: kodi ya mapato, kodi ya ongezeko la thamani, ushuru wa mazao, leseni, na tozo iliyomo ndani ya bei ya kila lita ya dizeli. Anayenunua dhamana za Serikali naye ameikopesha. Aliyelipa na aliyekopesha wote wana haki ya kuuliza swali lile lile ambalo mwenye duka humuuliza kijana wake jioni: fedha imeleta nini?

Ukaguzi unaojibu swali hilo una jina lake. Unaitwa ukaguzi wa ufanisi. Somo hili linaeleza jinsi ukaguzi huo unavyopangwa, kwa sababu ripoti nzuri au mbaya hutengenezwa kabla mkaguzi hajatoka ofisini kwake. Anayeelewa mpango ataisoma ripoti kwa dakika chache na kujua kama ina faida kwa biashara yake au la.

HATI SAFI HAINA MAANA YA HUDUMA SAFI

Ukaguzi unaojulikana zaidi ni ule wa hesabu. Mwaka wa fedha wa Serikali hufungwa Juni 30. Maofisa masuuli huandaa hesabu zao na kuzipeleka kwa mkaguzi, naye huangalia kama vitabu vinaonyesha hali halisi na kama sheria za fedha na ununuzi zimefuatwa. Mwisho wake ni hati: hati inayoridhisha, ambayo mitaani huitwa hati safi, hati yenye shaka, hati isiyoridhisha, au mkaguzi kushindwa kabisa kutoa maoni.

Kazi hiyo ni ya lazima. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hata hivyo, daftari likiwa sawa haina maana kwamba mali imetumika vema. Mwenye duka anaweza kumtuma kijana mjini akanunue bidhaa za milioni 2, kijana akarudi na stakabadhi zote na chenji kamili hadi shilingi ya mwisho. Daftari liko sawa. Lakini kama bidhaa alizonunua haziuziki, au zilipatikana duka la pili kwa bei ya chini, au zimefika baada ya sikukuu kupita, mtaji umekwama. Stakabadhi hazitamweleza mwenye duka jambo hilo.

Ndivyo ilivyo kwa fedha za umma. Zahanati inaweza kuwa na hati zote za ununuzi wa dawa na bado wagonjwa wakarudishwa bila dawa. Kisima kinaweza kuwa na mkataba uliosainiwa vizuri na bomba likawa kavu. Ukaguzi wa ufanisi unaanzia pale ukaguzi wa hesabu unapoishia.

SHERIA INASEMAJE

Kwa Tanzania, ofisi ya CAG imewekwa na ibara ya 143 ya Katiba ya 1977. Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya 2008, katika kifungu cha 28, inampa CAG mamlaka ya kufanya ukaguzi wa ufanisi katika wizara, idara, mashirika ya umma na serikali za mitaa. Ripoti za mwaka hukabidhiwa kwa Rais kabla ya mwisho wa Machi. Rais naye huagiza zifikishwe bungeni, na Katiba inataka ziwasilishwe ndani ya siku saba tangu kuanza kwa kikao cha kwanza kinachofuata. Baadaye huchambuliwa na kamati za Bunge, ikiwemo Kamati ya Hesabu za Serikali na ile ya Hesabu za Serikali za Mitaa.

Majirani nao wana utaratibu unaofanana. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 229, inataka ripoti ya ukaguzi ithibitishe iwapo fedha za umma zimetumika kisheria na kwa njia inayoleta matokeo. Uganda iliweka ukaguzi wa thamani ya fedha katika sheria yake ya ukaguzi ya 2008. Mizizi ya jambo lenyewe ni ya zamani zaidi. Umoja wa kimataifa wa ofisi za ukaguzi, INTOSAI, ulioanzishwa Havana mwaka 1953, ulitoa Azimio la Lima mwaka 1977, na azimio hilo lilitambua ukaguzi wa ufanisi kuwa na uzito sawa na ule wa hesabu. Uingereza ilitunga sheria yake mwaka 1983.

Sheria hiyo ya Uingereza ina sharti moja ambalo msomaji anapaswa kulijua, kwani wakaguzi wengi duniani hulifuata. Mkaguzi hana ruhusa ya kuhoji ubora wa sera yenyewe. Serikali ikiamua kujenga barabara badala ya reli, hiyo ni kazi ya wanasiasa na wapiga kura. Mkaguzi huuliza kama barabara iliyoamuliwa imejengwa kwa gharama inayofaa na kama inapitika.

VIPIMO VITATU

Ukaguzi wa ufanisi hutumia vipimo vitatu, na mfanyabiashara anavijua vyote hata kama hajawahi kuvipa majina.

Cha kwanza ni uwekevu. Je, vitu vimenunuliwa kwa bei nafuu bila kushusha ubora? Huyu ni mfanyabiashara anayezunguka maduka matatu kabla ya kutoa fedha.

Cha pili ni ufanisi. Je, kwa watu, mitambo na fedha zilizopo, kazi iliyotoka ni kubwa kadiri inavyowezekana? Lori moja likienda safari tatu kwa wiki na jingine la aina ile ile likaenda moja, kuna jambo la kuuliza.

Cha tatu ni tija, yaani lengo limefikiwa? Kununua greda kwa bei nzuri na kulifanyisha kazi kila siku hakuna maana kama barabara iliyolimwa siyo ile inayobeba mazao.

Vipimo hivi vinaweza kugongana. Changarawe ya bei ya chini inapendeza katika kipimo cha kwanza na kuanguka katika cha tatu. Kwa hiyo mkaguzi anayepanga kazi yake hawezi kuchagua kipimo kimoja na kusahau vingine.

MFANO WA BARABARA YA KM 40

Ili mpango ueleweke, uchukuliwe mfano wa barabara ya changarawe ya kilomita 40 inayotoka vijijini hadi soko la jumla. Tarakimu hizi ni za kufundishia tu, hazihusu wilaya yoyote.

Ofisi inayosimamia barabara hiyo ililipa shilingi milioni 400 kuweka changarawe upya, yaani milioni 10 kwa kilomita. Zabuni ilitangazwa, mkataba upo, hati za malipo zimesainiwa. Mkaguzi wa hesabu hakukuta dosari. Tabaka jipya lilitegemewa kudumu miaka mitatu. Baada ya msimu mmoja wa mvua, kilomita 15 zilikuwa zimerudi kuwa matope.

Hesabu yake ni nyepesi. Kwa mpango wa miaka mitatu, kila kilomita ilikuwa igharimu takriban milioni 3.3 kwa mwaka. Kilomita 15 zilizodumu mwaka mmoja zimegharimu milioni 10 kila moja. Huduma iliyokuwa ipatikane kwa milioni 50 imelipiwa milioni 150. Hakuna shilingi iliyoibiwa katika vitabu, lakini milioni 100 za walipa kodi zimekwenda na maji.

Upande wa soko nao una hesabu yake. Lori la tani 7 lililokuwa likitoza shilingi 350,000 kwa safari sasa linatoza 560,000. Nauli ya gunia la kilo 100 imepanda kutoka shilingi 5,000 hadi 8,000. Wafanyabiashara wakisafirisha magunia 5,000 katika msimu huo, wamelipa zaidi shilingi milioni 15. Hasara hiyo haimo katika daftari lolote la Serikali. Imo katika bei ya gunia, na hatimaye katika sufuria ya mlaji.

Sasa mkaguzi wa ufanisi anapewa kazi hiyo. Apange vipi?

HATUA YA KWANZA: KUCHAGUA MADA

Ofisi ya ukaguzi haina watu wala fedha za kukagua kila kitu. Kwa hiyo huanza kwa kulinganisha mada. Mambo yanayotazamwa ni ukubwa wa fedha zinazohusika, idadi ya wananchi wanaoguswa, hatari ya mambo kwenda kombo, malalamiko yaliyokwisha kujitokeza, na kama ukaguzi utaweza kubadili kitu. Mada yenye fedha nyingi lakini ambayo ilikaguliwa juzi inaweza kuachwa. Mada ya fedha kidogo inayogusa uhai wa watu inaweza kupewa nafasi.

Kwa Tanzania, kazi za miaka ya mwanzo ziligusa mambo kama ukaguzi wa shule, vituo vya afya na kinga ya mafuriko katika mji wa Babati. Mada hizo zinaonyesha kwamba mkaguzi hafuati mkoba mkubwa peke yake, bali hufuata pia mahali ambapo mwananchi anaumia.

HATUA YA PILI: UCHUNGUZI WA AWALI

Kabla ya kutoa ahadi ya ripoti, wakaguzi hufanya uchunguzi mfupi. Husoma sheria, bajeti na taarifa za utekelezaji, huzungumza na maofisa, na huenda kuona kwa macho. Lengo ni kujua mambo matatu: tatizo lipo kweli, nani anawajibika kwa sehemu ipi, na ushahidi unapatikana.

Katika mfano wa barabara, hapa ndipo mkaguzi anapochora njia ya fedha. Tozo ya mafuta huingia Mfuko wa Barabara. Wakala wa Barabara Tanzania, TANROADS, ulioanzishwa mwaka 2000, unasimamia barabara kuu na za mikoa. Barabara za vijijini na mijini zilihamishiwa TARURA, iliyoanza kazi mwaka 2017. Kuna wizara, kuna mhandisi, kuna mkandarasi. Mkaguzi asiyejua mpaka wa kila mmoja ataandika mapendekezo kwa ofisi isiyo na uwezo wa kuyatekeleza.

Uchunguzi wa awali unaweza pia kuonyesha kwamba hakuna sababu ya kuendelea. Kuacha mada mapema ni uwekevu vilevile.

HATUA YA TATU: SWALI

Hii ndiyo hatua inayobeba kazi yote. Swali likiwa pana mno, wakaguzi watazunguka mwaka mzima na kurudi na maelezo yasiyo na mwisho. Likiwa finyu mno, watajibu jambo ambalo hakuna aliyeuliza.

Kwa barabara ile, swali baya ni hili: Je, fedha za barabara zimetumika vizuri? Neno “vizuri” halina kipimo, na kila ofisa atajibu ndiyo. Swali baya la upande wa pili ni hili: Je, mkandarasi alilipwa kwa hati sahihi? Hilo limekwisha kujibiwa na ukaguzi wa hesabu.

Swali linalofaa linaweza kuwa hivi: Je, utaratibu wa matengenezo unahakikisha kwamba barabara inapitika mwaka mzima kwa muda na gharama iliyopangwa? Kisha swali hilo hukatwa vipande ambavyo kila kimoja kinaweza kujibiwa kwa ndiyo, hapana, au kwa kiasi gani:

1. Je, kilomita zilizochaguliwa kutengenezwa zilitokana na hali ya barabara iliyopimwa, au na maombi ya mwenye sauti kubwa?

2. Je, fedha zilitoka na mkataba kusainiwa mapema kiasi cha kazi kumalizika kabla ya mvua?

3. Je, msimamizi alipima unene na ubora wa changarawe, mifereji na makalavati kabla ya kuidhinisha malipo?

4. Je, mkandarasi alilipwa kwa wakati, au alisimamisha mitambo akisubiri fedha?

5. Je, baada ya kazi kukabidhiwa kuna anayefanya matengenezo madogo, kama kuzibua mifereji?

Kipande cha pili kinahitaji kuangaliwa kwa makini. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Fedha zikichelewa kutoka, zabuni nayo huchelewa, mkataba husainiwa mwanzoni mwa mwaka, na mkandarasi hufika kazini wakati wa masika. Changarawe hushindiliwa juu ya tope. Hapo hakuna mwizi, wala hakuna hati iliyokosekana, lakini kalenda peke yake imetosha kuharibu kazi. Ukaguzi wa hesabu hauna swali linalogusa kalenda. Wa ufanisi unalo, iwapo aliyepanga alikumbuka kuliweka.

HATUA YA NNE: KIGEZO

Kila swali linahitaji kigezo, yaani kile kilichotakiwa kuwa. Bila kigezo, matokeo ya mkaguzi ni maoni yake tu, na ofisa atajibu kwa maoni yake.

Vigezo hutoka katika sheria na kanuni, malengo ambayo ofisi yenyewe ilijiwekea, mikataba, viwango vya kitaalamu, au ulinganisho na mahali pengine penye mazingira yanayofanana. Kama mkataba unasema unene wa tabaka ni sentimita 15, hicho ni kigezo. Kama mpango wa ofisi unasema kazi imalizike kabla ya Februari, hicho nacho ni kigezo. Viwango vya INTOSAI vinashauri vigezo vijadiliwe na ofisi inayokaguliwa tangu mwanzo. Siyo kuomba ruhusa. Ni kuzuia ubishi wa baadaye, kama wanunuzi wanavyokubaliana mizani kabla ya kupima.

HATUA YA TANO: USHAHIDI NA NJIA YA KUUPATA

Hapa mpango unaeleza, kwa kila swali dogo, ni ushahidi gani utafutwe, wapi na kwa njia ipi. Kwa swali la tatu, mkaguzi hatosheki na daftari la vipimo lililojazwa ofisini. Anakwenda barabarani na mtu mwenye ujuzi, wanachimba mashimo madogo kwa umbali uliopangwa, wanapima unene kwa rula. Kwa swali la pili, anaweka tarehe nne katika mstari mmoja: fedha kutoka, zabuni kutangazwa, mkataba kusainiwa, mkandarasi kufika kazini.

Kwa kuwa hawezi kupima nchi nzima, anachagua sampuli. Sampuli ya wilaya tatu zenye barabara nzuri itatoa ripoti ya sifa, na ya wilaya tatu mbovu itatoa ripoti ya lawama. Kwa hiyo mpango unatakiwa ueleze kwa nini wilaya hizo zilichaguliwa: za mvua nyingi na kidogo, za bajeti kubwa na ndogo, za karibu na za mbali.

Ushahidi wa kinywa nao una nafasi yake. Madereva, wenye magari na wanunuzi wa mazao wanajua mahali lori linapokwama kuliko ramani yoyote. Lakini neno la mtu mmoja ni tetesi. Maneno ya watu wengi yakikutana na kipimo cha rula na tarehe za mkataba, hapo ndipo hoja inaposimama.

HATUA YA SITA: MIPAKA, WATU NA GHARAMA

Mpango hufungwa kwa kusema ukaguzi unahusu miaka ipi, ofisi zipi na mambo gani hayatagusika. Hutaja ujuzi unaohitajika. Mhasibu peke yake hawezi kuhukumu kalavati. Huweka muda na bajeti ya kazi yenyewe. Ukaguzi wa aina hii huchukua miezi mingi. Ukaguzi unaotoka baada ya mradi kusahaulika huwa ni historia, nao mlipa kodi ameulipia.

SABABU, SI DALILI

Tofauti kubwa kati ya ripoti hafifu na ripoti nzuri ni kwamba ya kwanza hutaja dalili na ya pili hufika kwenye sababu. Kusema “barabara ni mbovu” ni dalili, na kila dereva analijua hilo. Mkaguzi lazima ajaribu sababu mbalimbali, hata zile zisizowapendeza wasomaji wake.

Mojawapo ni mizigo. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 imeweka ukomo wa tani 56 kwa gari zima pamoja na mzigo, licha ya ukomo wa kila ekseli. Majaribio yaliyofanyika Marekani, jimbo la Illinois, kati ya 1958 na 1960, yalionyesha kuwa uharibifu wa barabara ya lami hupanda haraka mno kuliko uzito wenyewe. Ekseli ikizidishiwa mzigo kwa asilimia 20, uharibifu hukaribia mara mbili. Barabara ya changarawe isiyo na mizani iko hatarini zaidi.

Kwa hiyo inawezekana kwamba mfanyabiashara anayelalamikia barabara ndiye aliyepakia magunia ya ziada ili kuokoa safari. Mpango wa ukaguzi usioweka swali juu ya mizigo utamlaumu mhandisi peke yake, mapendekezo yatakuwa ya kuongeza changarawe, na mwaka unaofuata changarawe hiyo itasagwa tena. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini lazima ijulikane kwanza ufa uko upande gani.

Jambo jingine la kuelewa ni kwamba mkaguzi wa ufanisi si polisi. Akikutana na dalili za udanganyifu, sheria ya 2008 ina njia yake, ambapo suala hupelekwa kwa vyombo vya uchunguzi na Mkurugenzi wa Mashtaka. Anayetegemea kila ripoti imtaje mwizi atavunjika moyo. Hasara nyingi za huduma za umma hutokana na kuchelewa, kutopima na kutofuatilia. Zote ni ghali, na hakuna hata moja ambayo mtu hupelekwa gerezani kwa ajili yake.

MWEKEZAJI MDOGO ANAPATA NINI

Tangu dhamana za Serikali zianze kunadiwa mwaka 1993, na Soko la Hisa la Dar es Salaam kuanza mauzo mwaka 1998, mwananchi wa kawaida ameweza kuweka akiba yake katika karatasi za Serikali na za makampuni. Kwa mwenye hati fungani, riba yake hulipwa kutokana na kodi. Serikali inayopata huduma ya milioni 50 kwa milioni 150 italazimika kukopa zaidi au kutoza zaidi. Kukopa zaidi huweza kusukuma riba juu na kushusha bei ya hati za zamani zinazouzwa kabla ya kuiva. Kutoza zaidi hupunguza faida ya makampuni ambayo mwekezaji ana hisa zake.

Kwa mzabuni anayeuza kwa Serikali, ripoti ya ufanisi inayoonyesha ofisi fulani inachelewesha malipo ni habari ya biashara. Anaweza kuamua kuongeza akiba ya mtaji kabla ya kuchukua kazi, au kuiacha. Kwa msafirishaji, ripoti kuhusu barabara au bandari inamweleza mahali gharama itakapopanda.

JINSI YA KUSOMA RIPOTI

Ripoti nyingi ni ndefu, lakini msomaji anaweza kuipima kwa maswali sita. Swali la ukaguzi limeandikwa wazi mwanzoni? Kigezo cha kila hoja kimetajwa? Sampuli imeelezwa? Hoja inafika kwenye sababu? Pendekezo linamtaja mwenye kuwajibika na muda, au linasema tu “juhudi ziongezwe”? Ofisi iliyokaguliwa imejibu nini, na mapendekezo ya zamani yametekelezwa kwa kiasi gani?

Swali la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi. Pendekezo lisilofuatiliwa ni kama deni lililoandikwa daftarini bila mtu wa kwenda kulidai.

DAFTARI LA SOKONI

Wafanyabiashara hawana nafasi ya kumwandikia mkaguzi mpango wake, lakini wanaweza kuuathiri katika hatua mbili za mwanzo, ambapo mada huchaguliwa na tatizo huchunguzwa. Kinachohitajika ni kumbukumbu. Wenye malori kumi wakiandika kwa msimu mmoja tarehe ya kila safari, nauli, siku walizokwama, mahali walipokwama na magunia yaliyooza, watakuwa na ushahidi ambao ofisi nyingi za umma hazina. Kupitia chama chao, au chemba ya biashara kama TCCIA iliyoanzishwa mwaka 1988, au mbunge wao, karatasi hiyo inaweza kufika kwenye kamati za Bunge na kwenye meza ya wanaochagua mada.

Waandike pia uzito wa mizigo yao, hata pale unapowaumbua. Mkaguzi atauliza, na daftari lenye upande mmoja halisimami.

ZOEZI KWA MSOMAJI

Achukue huduma moja ya umma ambayo biashara yake inaitegemea: maji, umeme, barabara, soko la manispaa au choo cha stendi. Aandike kwa sentensi moja huduma hiyo ilitakiwa iweje, na hati inayosema hivyo. Aandike ilivyo sasa, kwa tarehe na tarakimu. Kisha aandike sababu tatu zinazowezekana, mojawapo ikiwa inamhusu yeye mwenyewe au wenzake. Mwisho aandike swali moja ambalo jibu lake litaonyesha ni sababu ipi iliyo ya kweli.

Akiweza hilo, ameshika kiini cha mpango wa ukaguzi wa ufanisi. Ripoti ijayo itakapowekwa mezani, hataishia kwenye kichwa cha habari. Ataitafuta barabara yake ndani yake, na asipoikuta atajua aulize nini na kwa nani.